Mafuta ya Gari la Serikali: Nani Analipa Kodi, Nani Anasamehewa?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Rongai. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema, ili yasomwe pia katika vikundi ambavyo havikuweza kufika. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.)



Tunajua wengine mmetoka Soin, wengine Solai, wengine Visoi, na nauli siku hizi si mchezo. Na hiyo nauli ndiyo inatuleta kwenye jambo letu la leo. Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala juu ya kitabu cha mweka hazina. Tutazungumza juu ya mafuta ya gari, na kodi iliyomo ndani yake, na wale ambao wakinunua mafuta hawalipi kodi hiyo.

Mtasema, "Sasa hayo si mambo ya Nairobi? Sisi yanatuhusu nini?" Ngojeni kwanza tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe.

Greda isiyo na mafuta

Katika masika ya mwaka 2025 barabara moja ya hapa kwetu iliharibika kabisa. Hatutaitaja, maana wenyewe mnaijua. Gari la maziwa likawa halifiki. Akina mama wakawa wanarudi nyumbani na maziwa, na maziwa hayangoji mtu. Kuna mama mmoja aliyeshikwa na uchungu usiku. Pikipiki ikakwama matopeni, akajifungulia kando ya barabara, wanawake wenzake wakimkinga mvua kwa leso. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini yeyote aliyekuwapo usiku ule hatausahau.

Kikundi kikatuma wajumbe kwenye ofisi inayohusika. Wakajibiwa kwa upole kabisa, "Greda iko, dereva yuko, shida ni mafuta. Nyinyi mkichanga mafuta, kesho iko kwenu."

Wajumbe wakaja kwetu kuomba shauri. Na hapa lazima tukiri. Sisi, watu wa ofisi ya maendeleo tuliosomea kazi hii, tuliwaambia wachange. Tulifikiri tunawasaidia. Pesa zikatolewa katika mzunguko wa akina mama, zamu ya mwenzao mmoja ikaahirishwa, zikanunuliwa lita 40 za dizeli pale kituoni. Greda ikaja ikafanya kazi asubuhi moja, ikaenda zake. Nusu ya barabara ikabaki vile vile.

Baadaye ndipo tulipokaa tukapiga hesabu. Tukaona aibu.

Tuone: lita moja ina nini ndani yake?

Mnajua utaratibu wetu: kwanza tuone, halafu tupime, halafu tutende. Basi tuone.

Ukienda kituo cha mafuta, bei unayoiona imewekwa na mamlaka ya EPRA, ambayo hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Ndani ya bei hiyo kuna gharama ya kununua mafuta ng'ambo, kuyaleta Mombasa, kuyasukuma kwa bomba (bomba hilo lilifika hapa Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994), na faida ya wauzaji. Halafu kuna kodi. Na si kodi moja.

Kuna ushuru wa bidhaa: karibu shilingi 22 kwa lita ya petroli, na shilingi 11 na senti kidogo kwa dizeli. Kuna ushuru wa kutunza barabara. Huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2016 ulipandishwa kutoka shilingi 12 hadi 18 kwa lita, na Julai 2024 ukafika shilingi 25. Kuna ushuru wa maendeleo ya petroli, uliokuwa senti 40 tu mpaka mwaka 2020 ulipopanda kuwa shilingi 5 na senti 40. Juu ya yote hayo kuna VAT. Mnakumbuka fujo ya Septemba 2018, VAT ya asilimia 16 ilipowekwa kwenye mafuta, watu wakalalamika, Bunge likaishusha kuwa 8. Julai 2023 ikarudishwa kuwa 16. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita.

Sasa chukueni kalamu. Kwa viwango hivyo vya mwaka 2024, tuziache VAT na ada nyingine ndogo ndogo, tujumlishe zile tatu za kwanza. Dizeli: 11.37 na 25 na 5.40. Jumla ni shilingi 41 na senti 77 kwa kila lita. Petroli: 21.95 na 25 na 5.40. Jumla ni shilingi 52 na senti 35.

Kijana wa bodaboda anayeweka lita 3 kwa siku analipa shilingi 157 za kodi hizo kila siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, amelipa zaidi ya shilingi 4,000. Kati ya hizo, 1,950 ni za barabara peke yake. Na kuna watu wanaosema vijana wa bodaboda hawalipi kodi!

Mama asiye na pikipiki naye analipa. Analipa kwenye kinu cha kusagia mahindi kinachotumia dizeli, analipa kwenye trekta lililomlimia, analipa kwenye nauli na kwenye mfuko wa mbolea uliokuja na lori.

Sasa turudi kwenye zile lita 40 za greda. Ndani yake mlikuwa na shilingi 1,000 za ushuru wa barabara. Mnasikia? Wananchi walilipa ushuru wa kutunza barabara ili kununua mafuta ya greda inayotunza barabara, ambayo ilipaswa kununuliwa mafuta kwa ushuru wa barabara waliokwisha kuulipa. Yaani walilipa mara tatu: mara ya kwanza kwenye nauli na kinu, mara ya pili kwenye bajeti ya serikali, mara ya tatu kwenye mtungi.

Na sisi ndio tulioshauri.

Nani amesamehewa?

Wakati mwananchi analipa namna hiyo, sheria inawasamehe wengine. Tusiseme wote ni wezi. Hapana. Kila msamaha uliwekwa kwa sababu fulani, na tuzijue sababu hizo.

Mafuta yanayopita kwetu kwenda Uganda, Rwanda au Kongo hayalipi kodi ya hapa, kwa sababu yatalipa kule yanakokwenda. Malori hayo mnayaona kila siku pale Salgaa. Mabalozi na mashirika ya kimataifa wanasamehewa kwa mapatano ya nchi na nchi. Miradi inayojengwa kwa msaada rasmi wa nchi za nje husamehewa VAT kwa vitu vinavyotumika katika mradi huo peke yake, ili pesa za msaada zisirudi kuwa kodi. Majeshi na polisi nao wamo katika orodha ya wanaosamehewa kwa vitu vya kazi rasmi.

Zamani orodha ilikuwa ndefu kuliko hii. Katika miaka ya 1990 nchi zetu za Afrika Mashariki zilianza kupanga upya mambo ya kodi. Uganda ilianzisha mamlaka yake ya mapato mwaka 1991, Kenya mwaka 1995, Tanzania mwaka 1996. Moja ya mambo yaliyosemwa sana wakati huo, na wakopeshaji pamoja na wananchi wenyewe, ni kwamba misamaha imekuwa mingi mno, hata ile ya vitu vinavyonunuliwa na serikali. Hapa Kenya sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilipunguza sana orodha hiyo. Tanzania ilitunga sheria mpya ya VAT mwaka 2014, ikaanza kazi Julai 2015, nayo ikapunguza misamaha mingi.

Lakini orodha ina tabia ya nyasi za shambani. Ukiipalilia leo, mvua ikinyesha inaota tena. Kila mwaka, sheria ya fedha ikiletwa Bungeni, kuna anayeongeza kastari kamoja: huyu naye asamehewe, kile nacho kisamehewe. Kwa hiyo jambo hili halikuisha mwaka 2013. Ni letu kila mwaka.

Tupime: kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia

Tulipoanza kulizungumza jambo hili katika vikundi, mzee mmoja alituuliza swali zuri sana. Alisema, "Serikali ikijilipa kodi yenyewe, si ni kutoa pesa mfuko wa kushoto na kutia wa kulia? Faida iko wapi?"

Mzee huyu aliuliza kile ambacho hata wataalamu huulizana. Tulimjibu kwa mambo manne.

La kwanza: mafuta yasiyo na kodi ni kishawishi. Tuseme pipa moja la dizeli la lita 200 limesamehewa zile kodi tatu tulizojumlisha. Pipa hilo ni rahisi kwa shilingi 8,354 kuliko lile la kituoni. Dizeli haina jina usoni. Ikishatoka kwenye tangi la ofisi ikaingia tangi la mtu binafsi, huwezi kuijua. Tofauti ile ya bei inamwita mtu kama mzinga unavyoita nyuki. Serikali ikinunua kwa bei ile ile ya wananchi, kishawishi hicho kinapungua. Wizi hautakwisha, lakini ile faida ya ziada imeondolewa.

La pili: msamaha ni matumizi yaliyofichwa. Pesa zikitengwa kwenye bajeti, Bunge huzijadili, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzikagua. Msamaha haupitii mlango huo. Ofisi iliyosamehewa milioni 10 imepewa milioni 10 bila mtu kupiga kura kila mwaka. Ikilipa kodi, gharama yake ya kweli huonekana, na sisi tunaweza kuuliza: kwa nini ofisi hii inakunywa mafuta mengi hivi?

La tatu: barabara haijui gari ni la nani. Ushuru wa barabara ni malipo ya kuchakaza barabara. Gari la serikali lenye bendera na lori la mkandarasi vinaichakaza sawa na lori la mahindi, pengine zaidi. Anayeitumia bila kulipa anamwachia mwenzake mzigo. Na mfuko huo una midomo mingi. Mwaka 2024 na 2025 magavana na wabunge walivutana mpaka mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo. Mwaka 2025 serikali ikatenga shilingi 7 kati ya zile 25 za kila lita ili kulipa madeni ya makandarasi wa barabara. Mfuko uliobanwa hivyo hauwezi kubeba wapandaji wa bure.

La nne: anayelipa bei kamili hujifunza kubana matumizi. Mnajua wenyewe. Mtu akipewa maji ya bure huosha hata mawe.

Funzo la mafuta ya taa

Tusidhani kwamba kila msamaha unaofutwa ni baraka. Tuangalie mafuta ya taa.

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, kwa nia njema, kwa ajili ya jiko na taa ya maskini. Lakini wafanyabiashara wengine wakaona mlango. Walinunua mafuta ya taa kwa bei rahisi, wakayachanganya na dizeli, wakauza kwa bei ya dizeli. Injini za matatu na trekta zikaharibika, serikali ikakosa kodi. Mwaka 2018 ukawekwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kuzuia uchanganyaji huo.

Matokeo? Mchezo wa kuchanganya haukuwa na faida tena. Lakini aliyelipa ni nani? Ni yule mama anayenunua mafuta ya taa kwa chupa ya soda. Yeye hakuchanganya chochote. Wengi walirudi kwenye makaa na kuni.

Funzo ni mambo mawili. Moja, msamaha uliowekwa kwa ajili ya mnyonge unaweza kunyakuliwa na mwenye nguvu. Pili, ukiufunga mlango bila kuangalia aliyesimama mlangoni, unaweza kumbana vidole asiye na kosa.

Hofu ya upande wa pili

Kwa hiyo tuisikilize hofu ya muuguzi mmoja aliyekuwa katika kikundi chetu. Alisema, "Nyinyi mnasema serikali ilipe kodi yote. Sisi hata sasa gari la wagonjwa linakaa bila mafuta. Mkiongeza kodi, si litaacha kwenda kabisa? Na polisi je? Wakiitwa usiku hudai mafuta kwanza."

Ni hofu ya haki. Kama ofisi imetengewa milioni moja ya mafuta bila kodi, halafu kesho ikaambiwa ilipe kodi kwa milioni ile ile, lita zitapungua. Na zikipungua, tunajua zitakatwa wapi. Hazitakatwa kwenye gari la mkubwa. Zitakatwa kwenye gari la wagonjwa, kwenye pikipiki ya afisa wa mifugo, kwenye greda yetu.

Ndiyo sababu hatusemi tu, "Futeni msamaha." Tunasema mambo mawili yaende pamoja. Msamaha ukipunguzwa, pesa ya kulipia ile kodi iongezwe waziwazi katika bajeti ya ofisi ile, mbele ya macho ya watu. Hapo mfuko wa kushoto utatoa na wa kulia utapokea, kama alivyosema mzee wetu, lakini sasa kutakuwa na risiti. Serikali haitapoteza kitu, isipokuwa yale mafuta yaliyokuwa yanapotea. Na huduma za uhai zitajwe kwa jina, zilindwe kwanza.

Tusisahau pia tunaishi wapi. Tarehe 31 Januari 2009, hapa jirani yetu Sachangwan, lori la petroli lilianguka. Watu walikimbilia na mitungi kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Wengi walikuwa watu maskini waliotaka lita chache za kuuza. Tuliwazika. Walisemwa sana, kwamba ni tamaa. Lakini yule anayeyachota mafuta kwa kalamu, akiwa amekaa ofisini, lita mia mbili mbili, hakuna moto unaomfuata wala mtu anayemhubiria. Haki haiwezi kuwa na macho kwa mwenye mtungi peke yake.

Katiba inasema nini?

Wengi wetu tunayo Katiba ya mwaka 2010 nyumbani, lakini imelala kabatini. Ifungueni kifungu cha 210. Kwa maneno yetu ya kawaida kinasema hivi:

Kwanza, hakuna kodi itakayotozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Si kwa barua ya mkubwa, si kwa simu.

Pili, sheria ikiruhusu msamaha, lazima kuwe na kumbukumbu ya wazi ya kila msamaha na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe.

Tatu, hakuna sheria inayoweza kumtoa afisa wa serikali katika kulipa kodi kwa sababu ya cheo chake au aina ya kazi yake.

Mkisoma pia kifungu cha 201 mtaona kwamba mzigo wa kodi unapaswa kugawanywa kwa haki, na kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Tangu mwaka 2021 Hazina Kuu imekuwa ikitoa ripoti juu ya kodi inayoachwa kwa sababu ya misamaha. Hayo si mambo ya siri tena. Ni yetu kuyaulizia.

Nyumba yetu wenyewe

Kabla hatujamnyoshea mwingine kidole, tujiangalie. Makanisa na mashirika kama letu nayo yamekuwa yakiomba kusamehewa ushuru kwa magari na vitu vya kazi. Mengine yalitumia vizuri. Lakini ni nani asiyejua kwamba gari lenye jina la mradi huweza kuonekana harusini siku ya Jumamosi? Basi tumeamua ofisini kwetu: kitabu cha safari za gari letu kiko mezani, na kiongozi yeyote wa kikundi anaruhusiwa kukisoma. Mkikuta safari isiyoeleweka, tuulizeni.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 17, watoza kodi ya hekalu walimwuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Yesu alionyesha kwamba yeye alikuwa na sababu ya kusamehewa. Hata hivyo alilipa, yake na ya Petro, ili watu wasikwazike. Mwenye cheo kuliko wote hakutumia cheo kukwepa. Hilo linatutosha.

Tutende

Sasa tufanye nini? Hatuendi kupigana na mtu. Tutafanya mambo ambayo kikundi cha watu 15 kinayaweza.

1. Tusichange mafuta ya gari la serikali bila karatasi. Kama ni dharura ya mgonjwa, toeni, uhai ni kwanza. Lakini andikeni: tarehe, lita, namba ya gari, aliyepokea, na sahihi yake. Nakala ibaki kwenu.

2. Tuulize kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Ikinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala ambako mtu anapeleka malalamiko. Ulizeni mambo madogo yanayohesabika: greda ilipewa lita ngapi mwezi ule? Ilifanya kazi barabara gani?

3. Twende kwenye mikutano ya bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili. Mkienda, msiseme tu "tunaomba barabara". Ulizeni mstari wa mafuta: ni kiasi gani, kwa magari mangapi, na gari la wagonjwa limetengewa lita ngapi?

4. Sheria ya fedha ikiletwa Bungeni, wananchi huitwa kutoa maoni. Vikundi vinaweza kuandika barua moja kwa pamoja. Yetu iseme: kila msamaha wa kodi ya mafuta uwe na sababu iliyoandikwa, uwe na mwisho wake, na anayesamehewa atangaze lita alizotumia. Mkandarasi akisamehewa kwa ajili ya mradi, kibao cha mradi kilichoko barabarani kiseme hivyo. Njia kubwa ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Novemba 2025, inapita mlangoni petu na watumiaji wake watalipia. Tuna haki ya kujua nani analipa nini na nani halipi.

Mtauliza, "Je, barua inasaidia?" Tuwaambie yaliyofuata kwenye ile barabara yetu. Baada ya kuona kosa letu, tulikaa na kikundi tukaandika barua kuomba kumbukumbu za mafuta ya greda za mwezi ule. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa ukurasa mmoja. Ukurasa ule ulionyesha kwamba wiki ile ile tuliyoambiwa hakuna mafuta, dizeli ilitolewa, ila namba ya gari iliyoandikwa haikuwa ya greda.

Hatukupiga kelele. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo asiyemaliza darasa la nane, aliichukua karatasi ile akaenda nayo kwenye mkutano wa bajeti. Akaisoma polepole. Akauliza swali moja tu: "Hili gari lililokunywa mafuta ya barabara yetu, lilitengeneza barabara gani?"

Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyemjibu siku ile. Pesa za mzunguko hazijarudishwa mpaka leo, na sisi wa ofisi tulichangia kumlipa yule mama ambaye zamu yake iliahirishwa, maana shauri baya lilikuwa letu. Lakini majuma machache baadaye greda ilirudi ikamaliza ile nusu iliyobaki. Safari hii ilikuja na mafuta yake.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kila mmoja ahesabu: wiki iliyopita ulilipa kodi ya mafuta wapi na wapi, hata kama huna gari?

2. Je, kikundi chenu kimewahi kuchangia mafuta ya gari la serikali? Mlipewa karatasi?

3. Ni nani, kwa maoni yenu, anastahili kusamehewa kodi ya mafuta? Kwa nini? Mpaka lini?

4. Ofisi ikiambiwa ilipe kodi kamili, ni huduma gani hapa kwetu zilindwe kwanza?

5. Ni habari gani moja mnayoweza kuiomba kwa barua mwezi huu? Nani ataiandika, nani ataipeleka, na lini mtakutana kusoma jibu?